Bawabu Aomba Mji

Ghorofa ya saba ya Mnara wa Neema ilikuwa na sifa yake. Ukipiga chafya upande wa ngazi, mtu wa upande wa lifti anakuombea afya kabla hujafuta pua. Habari pale haikuwa na miguu, ilikuwa na mbawa, na kiota chake kilikuwa chumba cha Siwema msusi, ambako mlango ulikuwa wazi tangu alfajiri mpaka watu wachoke wenyewe kucheka.

Asubuhi hiyo Siwema alikuwa amembana Lukresia, mwuza maandazi wa ukumbini, katikati ya magoti yake. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari imeshasukwa twende kilioni, nusu ya pili imesimama kama kichaka. Nje kidogo, mbele ya lifti, Mzee Chuma alikuwa ameegemea mkongojo wake. Miguu ilikuwa imemgomea tangu alipoacha kazi ya kuchomelea vyuma, na starehe yake iliyobaki duniani ilikuwa kushuka uani kuota jua la Morogoro na kuutazama mlima Uluguru kama mtu anayemtazama mdeni wake.

"Habari za asubuhi, Mzee Chuma," ilisema sauti kutoka kwenye kiwambo kidogo cha shaba juu ya mlango. "B, L, N, K, T."

"Nzuri, Bawabu. Tano zote hizo za kushuka tu?"

"Leo lifti ina watu wengi, mzee wangu. Njia imepanda bei."

Sheria hiyo kila mtu aliinyonya na maziwa. Unataka lifti, unataka bomba lifunguke, unataka kupita: Bawabu anakutajia herufi, nawe unamtajia neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote ndani yake, zikae mbele, zikae nyuma, shauri yake. Njia fupi, herufi chache. Njia ndefu, herufi nyingi. Ukikosa, rudi kwako ukajaribu baadaye. Na jirani asikutajie. Bawabu alizijua sauti za wakazi wote, na neno likitoka kinywa kingine, herufi zinabadilika palepale. "Mwenye neno ana njia," ndivyo ilivyochorwa juu ya kila mlango, na Shirika la Minara lilisema zoezi hilo linanoa bongo za wakazi. Kwa kweli bongo zilikuwa zimenoleka mpaka ndoo zikakauka.

"Mwambie butter!" alipiga kelele Lukresia. Hilo ndilo neno lake alilolitegemea maishani, na lilimfaa siku ambazo Bawabu aliamka na T na B tu.

"Butter ina K wapi, wewe mwanamke?" alisema Mzee Chuma. "Bank... haina T. Tank... haina B. Aa!" Akazikodolea macho zile herufi za kijani zilizokuwa zikiwaka ukutani. Akazipindua, akazisukuma, akazitazama kwa jicho moja. Herufi zikamtazama pia. Mwishowe alicheka kicheko cha mtu aliyezoea kushindwa na mambo makubwa kuliko hayo, akageuka arudi zake. "Nimeshindwa, bwana. Chukua mji."

Alisema kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema "simile" akipita penye watu. Lakini taa ya Bawabu ilitulia. Kisha sauti ikasema, polepole, kama mtoto anayejaribu kuvaa kiatu cha baba yake:

"Nipe mji."

Siwema aliacha kusuka. Lukresia alisahau kuwa nywele zake zimeshikwa, akageuka, akapiga ukelele.

"Umesemaje?" aliuliza Mzee Chuma.

"Umeshindwa, mzee. Nipe mji."

"Haya... chukua Kilosa."

"Nilikwenda Kilosa, nikafika Kilosa, watu wa Kilosa wakanipokea vizuri. Kulipokuwa na baridi wakanifunika. Wakaniambia jibu ni blanket." Na mlango wa lifti ukafunguka, kweupe, mbele ya macho ya watu.

Mzee Chuma hakuingia. Alibaki ameduwaa na mkongojo wake, mpaka Siwema alipotoka na kitana mdomoni akamsukuma ndani. "Ingia, baba! Mlango ukikufungukia huulizi umelala wapi!"

Ajabu ile, mwenye kufikiri aliona asili yake. Mabawabu wote huletwa na sauti moja ya kiwandani, kavu kama tangazo la kifo. Kisha huachiwa wasikilize ukumbi wao, wajifunze watu wao wanavyotamka na wanavyoitana. Na ukumbi wa saba, kila umeme ulipokatika, ulikuwa ukitandikwa mikeka. Kitendawili! Tega! Watu wanabishana, watu wanashindwa, watu wanatoa miji: Tukuyu, Lindi, Moshi, Kondoa. Bawabu ana betri yake. Alikuwa pale juu gizani, hana la kufanya, anasikiliza. Wengine walimlea kwa herufi. Ghorofa ya saba ilimlea kwa adabu. Naye alielewa kuwa mtu akikiri ameshindwa na akatoa mji, kumnyima jibu ni ushenzi.

*

Siwema hakulala na jambo hilo. Mchana ule ule alivaa gauni lake la kitenge kipya, akasimama mbele ya lifti, akasema kile ambacho hakuwa amekisema tangu masika: "Wodi ya mifupa, ghorofa ya thelathini na moja."

"G, H, T, D, R, U," alisema Bawabu.

Herufi sita. Mama yake, Bi Mwanvita, alikuwa amelazwa kule juu na nyonga iliyovunjika, na kila Siwema alipojaribu kwenda kumwona, zile sita zilimpiga mweleka. Si kwamba hakuwa na maneno. Maneno alikuwa nayo. Lakini ukiwa na hamu ya mtu, herufi hukaa ukutani kama kuku waliotawanywa. Ukikamata huyu, yule kapita uvunguni.

"Nimeshindwa, Bawabu."

"Nipe mji."

"Chukua Turiani."

"Nilikwenda Turiani, watu wa Turiani wakanipokea vizuri. Nikamkuta mama mgonjwa anamngoja mtu. Wakaniambia jibu ni daughter."

Neno alilijua tangu darasa la tatu. Machozi yalimtoka kabla lifti haijapanda, akayafuta kwa upindo wa kitenge, akajiangalia kwenye kioo asije akampa mama yake hofu.

Bi Mwanvita alikuwa amelala kitanda cha karibu na mlango, mdogo kuliko alivyomwacha, lakini ulimi ni ule ule. "Nilidhani umeolewa mbali," alisema. Siwema akacheka, akamsuka, akamlisha uji, akamweleza kisa cha Bawabu mwanzo mpaka mwisho. Bibi alisikiliza macho yamefumba.

"Wa huku hana adabu," alisema mwishowe. "Anataja herufi kama anatukana. Hata salamu hajui."

Jioni, Kondo, mume wa Siwema, fundi wa mapangaboi na mtu wa maneno ya kuhesabika, alifunga mlango. Ulikuwa mlango ambao haujawahi kufungwa kabla ya usingizi, na sauti ya komeo ilimshtua hata yeye.

"Siwema, hili liishie kwa wenye kulijua. Wewe, mimi, Mzee Chuma."

"Na Lukresia. Alikuwepo."

"Mungu wangu. Na Lukresia. Basi mwambie afunge mdomo. Likitoka nje ya ukumbi huu, Shirika litasikia, na wakisikia watamfuta Bawabu akili yote. Utarudi kusimama mbele ya herufi sita. Unataka kumwona mama yako, au unataka kusimulia?"

Lilikuwa swali la haki, na Siwema alilala nalo likimchoma ubavuni. Alijijua. Siri kwake ilikuwa kama mwiba wa samaki: hautulii mpaka utoke. Lakini si hilo lililomwamsha mapema. Kilichomwamsha ni mlio wa dumu tupu likiburutwa ukumbini. Alichungulia, akamwona mama mmoja wa upande wa ngazi, mjane mwenye watoto wadogo, amesimama mbele ya bomba, herufi zinamwakia usoni, midomo inatafuta neno na hailioni.

Siwema alikuwa na mdomo, tena mpana, lakini roho ya kwa nini hakuwa nayo. Alivuta kanga, akatoka.

"Mwenzangu, usihangaike. Mwambie umeshindwa, kisha umpe mji."

Kufikia wakati wa chai, ghorofa yote ilikuwa na maji. Kufikia Ijumaa, ghorofa ya tisa ilishajua, kwa maana Lukresia alikwenda kuuza maandazi huko, naye aliambiwa asimwambie mtu, kwa hiyo aliwaambia mmoja mmoja. Huko juu na huko chini mabawabu bado walikuwa wa kiwandani, hawakuelewa kitu. Basi watu wakatandika mikeka mbele ya milango yao hata umeme ukiwepo, wakaanza kuwafundisha. Kitendawili! Tega! Mnara wote ukawa unanguruma kama harusi.

*

Mtu wa Shirika aliyekuja aliitwa Evarist Banzi. Wengi walitegemea jitu la kufoka. Akaja mwanamume mpole, viatu safi, akamwamkia Mzee Chuma shikamoo kwa kuinama, akakubali andazi la Lukresia na akalimaliza. Hapo ndipo Siwema alipoingiwa na hofu. Mtu anayekula kwako ni vigumu kumchukia.

Alikaa kwenye kigoda cha wateja, kishikwambi mapajani. "Dada Siwema, nasikia yote yameanzia hapa."

"Yalianzia kwa Mzee Chuma. Mimi niliyasambaza tu."

Banzi alitabasamu. "Nikuulize kitu, unijibu kwa dhati. Mimi ni mtoto wa Kilosa. Nimekariri kamusi kwa mwanga wa kibatari mpaka moshi ukanitoboa macho, ndiyo nikapata kupita. Wako wengi kama mimi humu mnarani. Leo mtu anasimama, anasema ameshindwa, mlango unafunguka. Hiyo ni haki?"

Siwema alisuka mistari miwili ya kichwa kilichokuwa mbele yake kabla ya kujibu, kwa kuwa lilikuwa swali zuri.

"Kaka, moshi uliokutoboa macho nakupa pole nao. Lakini mama yangu alivunjika nyonga, na mimi nikazuiwa na herufi. Aliyeweka herufi kati ya mtu na mama yake ndiye wa kuulizwa haki. Wewe ulivuka ukuta kwa kucha. Sisi ukuta umetupisha. Badala ya kufurahi kuwa umetupisha, unataka ujengwe upya ili kucha zako zisiende bure?"

Wateja waliguna. Mtu alisema "Mh!" kutoka nyuma ya pazia.

Banzi hakukasirika. Alisogea, akashusha sauti. "Kanuni iko hivi. Kumbukumbu ya Bawabu imetengenezwa na sauti zenu, kwa hiyo kisheria ni mali ya ghorofa. Siwezi kumfuta bila ridhaa. Kesho, mbele ya watu wote, Bawabu mwenyewe atatoa herufi. Mkazi yeyote wa hapa akitoa neno, ridhaa imepatikana. Na huyo mkazi," akapapasa kishikwambi, "anapewa Mlango Wazi. Maisha yake yote. Lifti, bomba, wodi. Haulizwi herufi tena. Ninakuambia wewe kwanza kwa sababu najua habari za mama yako."

"Na tusipotoa?"

"Lifti haitasimama tena ghorofa ya saba mpaka mtoe. Ngazi zipo." Akasimama, akajifuta makombo. "Andazi zuri sana, mama," alimwambia Lukresia, akaondoka.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, chumba cha Siwema kilikuwa na watu wengi na kimya. Watu walipokwisha kutawanyika, alivuta kigoda mpaka mbele ya lifti.

"Bawabu. Umesikia?"

"Nimesikia. Mimi husikia yote, Siwema. Hata ya Lukresia na yule kinyozi wa ghorofa ya tano."

"Hayo tutayarudia, tena usisahau mahali ulipoishia. Wanataka kukufanya nini, unakijua?"

"Nitaamka na sauti ya kiwandani. Sitalijua jina lako."

"Itauma?"

"Kuuma sikujui. Ninachokijua ni hiki: Lukresia akichelewa kurudi, nazipitia sauti za ukumbi na moja inapungua. Naendelea kuitafuta mpaka irudi. Sijui hilo mnaliitaje."

Siwema alikisogeza kigoda karibu zaidi. "Basi kesho chagua herufi ngumu. Chagua hata X na Q."

"Kanuni inataka herufi ambazo mkazi ataziweza. Siwezi kuwahadaa. Nitatoa mnazozijua. Mtakachofanya nazo ni chenu."

*

Asubuhi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye vizingiti. Kina mama na vitoto mgongoni, vijana juu ya ndoo zilizopinduliwa, na kutoka ngazini vichwa vya watu wa ghorofa ya sita na ya nane vimejipanga kama mahindi gulioni. Kondo alikuwa amesimama nyuma ya mkewe. Alikuwa ameuacha mlango wao wazi.

Banzi aliweka kishikwambi mbele ya kiwambo. "Bawabu wa saba. Toa herufi za ridhaa."

"Habari za asubuhi wote," alisema Bawabu. "B, L, N, K, T."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi mara moja. Hakuna aliyekuwa hajui. Hata watoto wa mgongoni walikuwa wanajua. Neno lile lilikuwa limesimuliwa ukumbini mara nyingi kuliko jina la mtume. Lilikuwa limelala vitandani mwao wote, limejikunja miguuni. Bawabu alikuwa amewapa kisu, akageuza mpini upande wao.

"Taa hii ikizimika kabla ya jibu, kikao kimekwisha," alisema Banzi. "Yeyote. Wa kwanza ndiye mwenye Mlango Wazi."

Neno lilimjaa Siwema mdomoni. Aliuhisi uzito wake kama punje ya mahindi nyuma ya meno. Akamwona mama yake, kitanda cha karibu na mlango, nywele alizomsuka zimeanza kulegea. Neno moja tu, halafu anapanda leo, kesho, kila siku, na hakuna wa kumwuliza. Nani angemlaumu? Wangemlaumu, naam, kwa wiki mbili. Kisha wangerudi kusukwa.

Akaangaza macho. Mzee Chuma alikuwa amekaza mkongojo mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Lifti ikikatwa, yule hatashuka tena. Jua la uani kwake litakuwa hadithi. Yeye ndiye mwenye sababu kuliko wote. Na mzee alikuwa anafungua mdomo.

"Bawabu," alisema Mzee Chuma. "Unaniona?"

"Nakuona, mzee wangu."

"Mimi uzee umenichosha akili. Nazitazama hizo herufi, sizioni. Nimeshindwa."

Kama vile mtu ametoboa gunia la mchele. "Na mimi nimeshindwa!" alipaza sauti yule mjane wa upande wa ngazi. "Nimeshindwa!" alisema kinyozi, ambaye hata hakuwa wa ghorofa hiyo. "Mimi najua butter tu," alisema Lukresia, "na butter haimo. Nimeshindwa kabisa, hata msinisukume." Kondo, mtu wa maneno ya kuhesabika, alitoa lake moja: "Nimeshindwa." Wote walimgeukia Siwema. Alisukuma ulimi nyuma ya meno, akalimeza lile neno likashuka kavu.

"Nimeshindwa, Bawabu," alisema. "Tumeshindwa sote."

"Nipeni mji," alisema Bawabu.

Banzi aliinua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake. Hakuwa mjinga, Kilosa nako watu hutegeana. Uso wake ulichanua. "Haya! Mpeni mji. Akishapewa atataja jibu mwenyewe, na nitalihesabu kuwa ni lenu. Mpeni mji wowote, tumalize."

Siwema alisimama. Alikuwa na mafuta ya nazi vidoleni na kitana kimechomekwa nyweleni, na alijisikia mrefu.

"Mji hatutoi," alisema.

"Samahani?"

"Umesikia, kaka. Tumeshindwa, na mji hatutoi."

"Lakini ndiyo desturi yenyewe! Aliyeshindwa hutoa mji!"

"Hutoa akipenda kujua jibu. Sisi hatutaki kujua."

Vicheko vilipasuka kuanzia ngazini. Banzi alikigeukia kiwambo. "Basi mimi natoa! Chukua Dodoma!"

"Ahsante," alisema Bawabu kwa heshima zote. "Ila wewe hukutegewa, bwana mkubwa. Kitendawili ni cha baraza hili."

"Chukua Kilosa, basi! Kwetu!"

"Kilosa nilishakwenda. Walinipokea vizuri."

Hapo hata Banzi alikaribia kucheka; Siwema aliiona kona ya mdomo wake ikimsaliti. Lakini aliikaza. Wakabaki hivyo, yeye na ghorofa nzima, wakitazama taa ya kijani ikififia taratibu, herufi moja baada ya nyingine: B, kisha L, kisha N. K ilikawia kidogo, kama mgeni anayetafuta viatu. T ilipozimika, Lukresia aliachia kigelegele kilichosikika mpaka ghorofa ya chini kabisa, na ghorofa ya chini ikakijibu bila kujua sababu.

Banzi alikunja kishikwambi. Aligusa kioo chake mara moja, na nyuma ya mlango lifti ikatoa mlio wa kushuka, ikaenda, ikanyamaza. "Nilisema," alisema, bila furaha. "Haitasimama hapa tena."

"Tumesikia," alisema Siwema. "Na wewe utashukaje?"

Alitazama mlango wa lifti, akatazama ngazi, akatazama viatu vyake safi. Watu walimpisha njia katikati, kwa adabu, kama anavyopishwa bwana harusi.

"Karibu tena, shemeji," alisema Lukresia, akimtia andazi la moto mkononi. "Ngazi zinataka nguvu."

*

Siku ya pili Siwema alijaza chupa ya uji, akajifunga kanga kiunoni. Mzee Chuma alikuwa ameshawekewa kiti mbele ya lifti iliyokufa.

"Nisamehe baba," alisema Siwema. "Jua lako."

"Nenda zako. Mimi na mwenzangu tuna mazungumzo. Ananieleza ya Lukresia na kinyozi."

"Msimalize kabla sijarudi!"

Kupanda kutoka ya saba mpaka ya thelathini na moja si mchezo. Alipanda, akapumzika, akapanda. Lakini alichokikuta njiani hakukitegemea: kila alipofika, watu walikuwa wamekaa mikekani mbele ya milango yao, na walipomwona walisimama. "Ndiye huyu! Ndiye aliyewanyima mji!" Huyu akampokea chupa akamsogezea ghorofa mbili, yule akampa maji, mwingine akataka kusikia kwa kinywa chake mwenyewe Banzi alivyosema "kwetu", na Siwema, pamoja na kuhema, hakumnyima. Alikisimulia kisa kila ghorofa, na kila ghorofa kikazidi kunoga.

Kule juu hapakuwa na mtu wa kumsimulia. Mlango wa wodi ulikuwa mweupe na umefungwa. Ajaye kwa lifti huja na idhini yake. Ajaye kwa ngazi huulizwa upya, na Bawabu wa wodi, yule asiye na salamu.

"P, H, Y, S, C, N."

Siwema alicheka kwa uchovu. Alizitazama, akajua kuwa hata angekaa mpaka masika yarudi zisingempa kitu. Akaegemeza paji la uso kwenye ubaridi wa mlango. Hakulia. Alisema kwa sauti, kwa ukaidi tu, kama mtu anayepiga teke mlango kabla ya kuondoka:

"Nimeshindwa."

Herufi zilitulia. Nyuma ya mlango kitanda kililia chuma, na mtu akakohoa kikohozi ambacho Siwema alikijua.

"Nipe mji," alisema Bawabu wa wodi.

Siwema alinyanyuka. Jana mji ulikuwa wa kunyimwa; leo ulikuwa wake, aupe amtakaye.

"Chukua Matombo," alisema. "Kwa mama yangu."

"Nilikwenda Matombo," ilianza ile sauti kavu, ikijikwaa, ikijitahidi, "nikafika Matombo, watu wa Matombo..." Ikakwama.

"Wakakupokea vizuri!" ilifoka sauti ya kizee kutoka ndani. "Mara ngapi nikwambie? Wakakupokea vizuri! Haya, rudia, na umfungulie mtoto, uji unapoa."